Mwongozo kwa Fundi Bahatisha: Namna ya Kuvuta Umeme Machimboni Bila Kuua Mota wala Mtu

Fundi Bahatisha.

Mwongozo huu ni wako wewe unayepima unene wa waya kwa kuubiringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, unayethibitisha kwamba umeme upo kwa kugusa na mgongo wa kiganja, na ambaye kwa kila swali la mteja una jibu moja: "Inabeba hiyo, mama, usihofu." Wateja wako nawafahamu. Mwenye karasha la kusaga mawe Nyarugusu. Mama lishe wa Lwamgasa aliyenunua jagi la umeme ili apumzike na moshi. Kijana wa Katoro anayechaji simu kwa sola. Mzee wa Kahama aliyejenga vyumba vya kupangisha baada ya duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, kutema, akakukabidhi kazi yote ya umeme kwa sababu ulikuja na ngazi.

Nguzo zimeenea Shinyanga na Geita. Vijijini, kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, watu wameunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, na hilo ni jambo kubwa ninalolifurahia. Lakini umeme ukishavuka mita ya LUKU na kuingia upande wa mteja, unakuwa mikononi mwako, na mikono yako, ndugu yangu, haijawahi kushika kikokotoo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza: weka koleo chini, chukua kalamu.

Volti ni msukumo. Ampea ni kiasi cha umeme kinachopita. Omu ni ukinzani, yaani kiasi ambacho waya au kifaa kinaugomea huo umeme. Gawanya volti kwa omu, unapata ampea. Hesabu hiyo aliichapisha mwalimu mmoja wa Ujerumani, Georg Ohm, mwaka 1827, na tangu hapo haijabadilika, hata kwa fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, ambazo ndizo nguvu. Wati 1,000 zikifanya kazi saa moja, LUKU inakata uniti moja. Na sasa hesabu ya mwisho, ambayo nakuomba uiandike kwenye kifuniko cha boksi lako la vifaa: ampea mara ampea mara omu ni wati zinazogeuka joto ndani ya kile kinachogomea. Hiyo ndiyo inayounguza nyumba.

Hatua ya pili: pima umbali kabla ya kwenda dukani. Mama lishe wetu ana banda mita 100 kutoka kwenye mita. Jagi lake limeandikwa wati 2,000, volti 230. Wewe ukamletea waya wa moja na nusu, kwa kuwa ndio uliokuwa wa bei nafuu. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba una ukinzani wa omu 12.1 kwa kilomita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 100 za umbali ni mita 200 za waya, nazo ni omu 2.42. Jagi lenyewe lina omu 26 na nusu hivi. Jumlisha, gawanya 230 kwa jumla hiyo, unapata ampea 8 kasoro kidogo. Volti 19 zimepotea njiani. Jagi linapata wati 1,680 badala ya 2,000, na wati zaidi ya 150 zinapasha joto waya uliouzika chini ya udongo au, nikikufahamu vizuri, ulioupitisha juu ya bati kwa kuufunga na mpira wa baiskeli.

Mama analipia uniti za kupasha bati. Chai inachelewa, wachimbaji wanalalamika, na wewe unamwambia "umeme wa huku ni mdogo." Umeme uliofika kwenye mita ulikuwa mzima. Wewe ndiye uliyeupunguza.

Chukua sasa waya wa milimita 6 za mraba, wenye omu 3.08 kwa kilomita. Volti zinazopotea zinashuka hadi 5 na kidogo, joto la njiani linabaki wati 45 hivi, na jagi linapata wati zaidi ya 1,900. Kanuni za Uingereza ambazo mafundi wengi wa kwetu wamezifuata zinataka upotevu usizidi asilimia 5, yaani volti 11 na nusu kwenye 230, na kwa taa usizidi asilimia 3. Waya mnene ni ghali, sikatai. Mpe mama bei zote mbili na hasara ya kila mojawapo, achague mwenyewe. Fedha ni zake.

Mota ni kesi nyingine, na hapa ndipo machimboni panapoumiza zaidi. Jagi likipata volti pungufu linachemsha polepole, basi. Mota ya pampu ikipata volti pungufu huku mzigo ni uleule, inavuta ampea zaidi ili kazi iende, na ampea zikizidi, joto linapanda kwa mraba wake. Halafu kuna kuwasha. Mota inapoanza kuzunguka inavuta ampea mara tano hadi saba ya zile za kawaida. Pampu inayotembea na ampea 10 inaweza kudai 50 kwa sekunde chache, na kwenye waya wako mwembamba na mrefu volti zinaporomoka wakati zinapohitajika kuliko wakati wowote. Volti zikibaki theluthi mbili, nguvu ya kuzungusha inabaki chini ya nusu. Mota inanguruma, haizunguki, inaanza kunuka. Unaizima, unaiwasha tena, unaizima, unaiwasha. Baada ya wiki inapelekwa kwa msuka mota, na mwenye duara anaambiwa pampu za siku hizi ni feki. Maji yamejaa chini, vijana wamekaa juu, hakuna jiwe linalotoka.

Ukiambiwa pampu au karasha, uliza mambo manne kabla ya bei: mota ina kilowati ngapi, ni ya fezi moja au tatu, ipo mbali kiasi gani, inawashwaje. Anayeuliza hivyo ni fundi. Anayeuliza "kuna soketi karibu?" ni wewe.

Hatua ya tatu inakwenda kwa kijana wa sola. Ulimfungia betri ya volti 12, kisha ukavuta waya uleule wa moja na nusu hadi kwenye kibanda, mita 10. Vifaa vya wati 60 kwenye volti 12 vinataka ampea 5. Kwenye volti 230 vingetaka ampea 0.26 tu. Mita 20 za waya, kwenda na kurudi, ni omu 0.24. Zidisha: kwenye volti 12 unapoteza volti 1.2, asilimia 10 nzima ya msukumo wako, na wati 6 zinaishia kwenye waya. Kwenye 230 joto la waya halifiki hata sehemu ya hamsini ya wati moja. Waya ni uleule na nguvu ni ileile, lakini upotevu umetofautiana zaidi ya mara 360.

Kwa sababu hiyohiyo njia kuu ya umeme inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita zipatazo 670, ilijengwa kwa kiwango cha kilovolti 400, na ile ya kutoka Bulyanhulu kwenda Geita kwa kilovolti 220. Ukipandisha volti mara mbili, ampea zinapungua nusu, na joto la njiani linabaki robo. Wahandisi wa gridi wanaihofia ampea mara ampea mara omu kwa mabilioni ya shilingi. Wewe uihofie kwa betri moja: iweke karibu na taa, fupisha waya, ongeza unene.

Sasa tusiusingizie ukinzani kila ubaya. Kuna mahali tunaununua. Jiko la koili la wati 1,000 ni omu 53 za waya wa nikromu, madini yaliyochanganywa makusudi ili yagomee umeme mara nyingi kuliko shaba na yavumilie kuwaka mekundu. Koili ikikatika, najua unachofanya: unavuta ncha mbili, unazisokota, unamrudishia mama jiko na kudai buku mbili. Ukiwa umepoteza sehemu moja ya tano ya koili, ukinzani umeshuka hadi omu 42, na kwa kuwa volti ni zilezile, jiko sasa linakula wati 1,250. Linawaka vizuri kweli, mama anakusifu. Linakula uniti zaidi, koili inapata joto kuliko ilivyotengenezwa kuvumilia, na ule msokoto wako ndio utakaokatika kwanza. Koili mpya inauzwa. Mwambie ainunue.

Ukinzani mwingine tunaoununua ni resista, na kwa huu nakuomba uvae miwani. Toa moja kwenye saketi ya redio mbovu, ishike kwa kibano. Mwili wake una urefu wa milimita sita hivi, rangi ya chai ya maziwa au buluu hafifu, na umezungushiwa mistari. Tuseme ni njano, zambarau, kahawia, halafu dhahabu. Rangi zinasomwa kama tarakimu: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Mistari miwili ya kwanza inakupa 47, wa tatu unakwambia idadi ya sifuri za kuongeza, hapa moja. Omu 470. Mstari wa dhahabu unasema kosa halizidi asilimia 5, kwa hiyo thamani halisi iko kati ya omu 446 na 494. Na kabla hujaanza kuikwangua, ni rangi tu hiyo. Hakuna cha kumpelekea mnunuzi.

Kazi yake nini? Una taa ndogo ya LED inayotaka volti 3 na ampea 0.02, na una betri ya volti 12. Ukiiunganisha moja kwa moja inamulika mara moja na kufa. Volti 9 lazima zibebwe na kitu kingine. Gawanya 9 kwa 0.02, jibu ni omu 450, na resista ya 470 ndiyo ya karibu inayopatikana dukani. Angalia na wati: volti 9 mara ampea 0.019 ni wati 0.17, kwa hiyo resista ya robo wati inatosha. Hesabu ya dakika moja, na taa inakaa miaka. Fundi wa redio anayeijua hesabu hii namheshimu kuliko wewe mwenye ngazi.

Kwa kuwa tumeitaja dhahabu, na tuko Geita, niondoe uvumi mmoja: dhahabu haipitishi umeme kuliko madini yote. Inaongoza fedha, ikifuatiwa na shaba, ndipo dhahabu, ambayo ukinzani wake unaizidi shaba kwa asilimia 45 hivi. Watengenezaji wa simu wanaipaka kwenye viunganishi kwa sababu haipati kutu. Aluminiamu inafuata nyuma ya dhahabu, na ndiyo inayokuhusu zaidi, kwa maana madukani kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu. Ukwangue kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, ule mwingine unageuka mweupe. Uinue: shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu kwa ujazo uleule. Mwenye duka akikukatalia kukwangua ncha, usinunue. Na kama ulinunua ukijua, ukamtoza mteja bei ya shaba, wewe ni mwizi, na nasema hivyo bila kutafuta neno laini.

Ekstensheni nitazipitia haraka, ingawa zimeenea kuliko yote. Soketi zimeunganishwa sambamba. Kila unachochomeka kinafungua njia nyingine, ukinzani wa jumla unashuka, ampea zinapanda. Pasi wati 1,000, jagi 1,500, jiko 2,000: jumla 4,500, karibu ampea 20, kwenye plagi iliyotengenezewa 13. Fyuzi ikikatika ukaweka kipande cha waya au msumari, umemnyamazisha shahidi pekee aliyekuwa anasema kweli. Breka nayo ni hivyohivyo: ikiruka usiweke kubwa zaidi, tafuta kinachoirusha. Halafu fungua ile soketi iliyogeuka hudhurungi upande mmoja. Utakuta skrubu imelegea. Kiungo kilicholegea chenye nusu omu, kikipitisha ampea 13, kinatoa wati zaidi ya 80 za joto kwenye chuma kisichozidi ncha ya kidole, ndani ya plastiki, nyuma ya kitanda cha mtoto. Kaza skrubu. Haigharimu kitu.

Nimefika kwenye sababu hasa ya kukuandikia.

Shuka nami hadi chini ya duara. Kuna maji, kuna matope, kijana amevaa kaptula na hana viatu, kwa kuwa buti zilijaa maji akazivua. Ameshika mwili wa pampu anaisogeza. Ngozi kavu ya binadamu inaweza kugomea umeme kwa maelfu mengi ya omu. Ngozi iliyolowa inashuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya 230 kwa 1,000: ampea 0.23. Umeme chini ya nusu ya hiyo unatosha kuuvuruga moyo ukaacha kusukuma damu. Breka uliyomfungia juu ni ya ampea 20. Inamngoja kijana avute karibu mara tisini ya kiasi kinachomuua, ndipo ishtuke. Breka ya kawaida imewekwa kulinda waya. Yule kijana haimjui.

"Lakini niliweka ethi." Uliweka fimbo fupi kwenye kichanga kikavu cha Agosti, ukafunga waya kwa kuuzungusha. Fimbo kama hiyo inaweza kuwa na ukinzani wa omu 100 dhidi ya ardhi. Pampu ikivujisha umeme kwenye mwili wake, gawanya 230 kwa 100: ampea 2.3 zinaingia ardhini. Breka ya 20 haisikii chochote. Mwili wa pampu unabaki na umeme mchana kutwa, ukimsubiri wa kuugusa, na mita ya LUKU inahesabu.

Dawa yake ipo na inauzwa: breka ya kuzuia mvujo, ile iliyoandikwa miliampea 30. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa 0.03 ya ampea, maana yake kuna unaopita pasipotakiwa, na inakata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwa ethi ileile mbovu ya omu 100, pampu inayovuja itakatwa palepale inapowashwa, kabla kijana hajashuka. Hata hivyo, ethi itengeneze. Zamisha fimbo ndefu hadi ufikie udongo wenye unyevu, ongeza ya pili ikibidi, funga kwa klampu, halafu pima kwa kifaa chake, tena wakati wa kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga unashika maji na unasaidia, mchanga na miamba ya granaiti iliyotapakaa Usukumani haisaidii. Bonyeza kitufe cha majaribio cha hiyo breka kila mwezi, na umfundishe msimamizi wa duara afanye hivyo usipokuwepo.

Mteja atakwambia ni ghali. Mwambie bei ya pampu, bei ya kusuka mota, na siku ambazo duara limesimama. Akikataa bado, kataa kazi. Usiunganishe pampu yoyote ya shimoni bila breka ya mvujo, hata kama fundi wa jirani ataiunganisha kwa nusu ya bei yako.

Kama hesabu hizi zimekuwa ngeni, chuo cha VETA kipo Shinyanga, na wapo watu wazima wenye watoto waliorudi darasani wakatoka mafundi wa kuaminika. Kisha chukua leseni. Nawe mteja unayesoma huku fundi yuko juu ya bati: kazi ya kufunga umeme inataka fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwite ashuke, mwombe aioneshe, na umuulize waya wako utapoteza volti ngapi. Asipojibu, mlipe nauli aende.